Asilimia ya Mwili na Asilimia ya Ajira: Historia ya Sheria za Ulemavu Kazini Tanzania

Ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wenye ulemavu nchini Tanzania ni mkongwe kuliko sheria zinazoukataza, na historia yake haieleweki vizuri pale inaposomwa kwa kuanzia na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Sheria hiyo ilitanguliwa na nyingine ya mwaka 1982, ambayo nayo ilitanguliwa na sheria ya kikoloni ya fidia, na nyuma ya zote kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge ambamo mwili wa mfanyakazi ulipimwa kabla ya kuajiriwa na kuachwa ukaenda zake baada ya kuharibika. Anayezifuatilia sheria hizo kwa mfululizo huona kwamba dola, iwe ya kikoloni au ya uhuru, ililikabili tatizo hili kwa hesabu: kwanza ilihesabu sehemu ya mwili iliyopotea, kisha ikahesabu sehemu ya ajira inayopaswa kutengwa. Swali la namna mwajiri anavyomtendea mfanyakazi wake mwenye ulemavu lilichelewa kuulizwa, na lilipoulizwa halikuanzia katika sheria ya ulemavu, bali katika sheria ya kazi inayowahusu wafanyakazi wote.

Katika Tanganyika ya kikoloni, ajira ya mshahara ilimaanisha kwa kiasi kikubwa kazi ya mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Lindi. Wafanyakazi wengi waliitwa manamba, yaani watu walioandikishwa kwa namba na kusafirishwa kutoka mikoa ya mbali, hasa magharibi na kusini mwa nchi, pamoja na Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kama SILABU, ambalo liliendesha kambi za kupokelea watu, magari ya kuwasafirisha na vituo vya kuwapima afya. Upimaji huo ulikuwa na manufaa yake, kwa kuwa uligundua maradhi na kupunguza vifo vya njiani, lakini ulikuwa pia chujio rasmi la ajira: mwenye mguu uliopinda, jicho lililopofuka au mkono usio na nguvu hakuvuka kambi. Hakuna aliyehitaji kuandika kwamba watu hao hawatakiwi, kwa sababu kipimo kilikwisha kusema.

Waliovuka walilipwa kwa kipande, yaani kadi iliyorekodi siku za kazi zilizokamilika, ambapo mshahara ulitolewa baada ya kutimia siku 30, hata kama kuzitimiza kulichukua zaidi ya mwezi. Kazi iliyoogopwa zaidi ilikuwa kwenye korona, mashine ya kusindika majani ya mkonge iliyopata jina lake la Kiswahili kutokana na mashine za Kijerumani za aina hiyo. Majani yalipangwa kwa mkono juu ya mkanda uliokuwa ukitembea bila kusimama, yakabanwa na minyororo na kupelekwa kwenye ngoma zenye visu butu zilizozunguka kwa kasi kuponda nyama ya jani na kuacha nyuzi, huku maji yakimwagika na sakafu ikiteleza. Aliyechelewa kuondoa mkono aliupoteza. Shambani kwenyewe hatari ilikuwa tofauti, kwani ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu unaofikia usawa wa uso wa mkataji anayeinama. Hivyo shamba lile lile lililomkataa mtu mwenye ulemavu mlangoni lilizalisha watu wenye ulemavu ndani, na kwa kuwa kipande kililipia siku zilizofanyiwa kazi tu, aliyeumia alibaki na kadi isiyojaa.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi, iliyotungwa na serikali ya Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufahamika baadaye kama Sura ya 263, ilikuwa hatua mbele, kwa sababu ilimlazimisha mwajiri kulipa pale mfanyakazi alipoumia kutokana na kazi, bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa bosi. Ndani yake kulikuwa na jedwali lililoorodhesha viungo na kuvipa asilimia, yaani kiasi cha uwezo wa kufanya kazi ambacho mtu alihesabiwa kukipoteza kwa kupoteza mkono, jicho, kidole gumba au mguu. Hesabu ya namna hiyo haikwepeki kabisa katika bima yoyote, na si haki kuilaumu sheria kwa kuwa na jedwali. Kasoro yake ilikuwa kwamba ilifunga hesabu mahali ambapo maisha ya mfanyakazi yalikuwa bado yanaendelea: ilipanga bei ya mkono, lakini haikuuliza kama mwenye mkono mmoja angeweza kurudi shambani kama karani wa mizani, mlinzi wa stoo au msimamizi wa vibarua. Fidia ikawa hati ya kuagana. Sheria hiyo ilidumu, pamoja na marekebisho yake, hadi ilipochukuliwa nafasi na Sheria Na. 20 ya 2008, iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Hesabu ya pili, ile ya kutenga sehemu ya ajira, ilizaliwa Ulaya kutokana na vita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilianza mwaka 1919 kuwalazimisha waajiri kuchukua askari waliojeruhiwa vibaya, Ufaransa ikafuata kwa sheria ya mwaka 1924, na Uingereza ikachagua njia ya hiari kwa kuwaandika katika orodha ya heshima ya mfalme waajiri waliojitolea kufanya hivyo. Utaratibu huu unaweza kuitwa mgawo wa lazima wa ajira, yaani sharti kwamba katika kila idadi fulani ya wafanyakazi, sehemu maalumu wawe watu wenye ulemavu. Vita hivyo hivyo vilipiganwa pia Afrika Mashariki, ambako wapagazi walioandikishwa kwa nguvu na jeshi la Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu na wengine kurudi makwao wakiwa na viungo vilivyoharibika. Jina la kikosi chao limebaki katika soko na mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, lakini orodha ya mfalme haikuwahusu.

Uingereza iliuchukua mgawo wa lazima katika vita vya pili, kwa sheria ya mwaka 1944 iliyopitishwa Ernest Bevin akiwa Waziri wa Kazi. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi alitakiwa kuwa na asilimia 3 ya watu walioandikishwa kama wenye ulemavu, na walioandikishwa walipewa kadi ya kijani. Sheria hiyo ilitenga pia kazi mbili kwa ajili yao, nazo ni kuendesha lifti za abiria na kulinda maegesho ya magari. Uteuzi wa kazi hizo unaonyesha fikra zilizotawala wakati huo kuliko hotuba yoyote ya bungeni, kwa maana dola iliona kwamba mtu mwenye ulemavu anafaa kukaa mahali pamoja na kubonyeza kitufe. Mashtaka dhidi ya waajiri wasiotimiza mgawo yalikuwa machache mno kwa muda wa nusu karne, na mwaka 1995 Bunge la Uingereza liliachana na mgawo huo na kupitisha sheria inayokataza ubaguzi wenyewe.

Tanganyika huru ilikuwa na mambo mengi ya kurekebisha katika uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, na sheria ya mwaka 1964 ya usalama wa ajira ilipunguza uwezo wa bosi kumfukuza mtu papo hapo na kuunda kamati za wafanyakazi. Hata hivyo, sheria hiyo ilihusu zaidi makosa ya nidhamu. Mwaka huo huo wasioona waliunda chama chao, kimojawapo cha vyama vya mwanzo vya watu wenye ulemavu nchini, kikifuatiwa baadaye na CHAWATA, CHAVITA cha viziwi na vingine vilivyoungana katika shirikisho la SHIVYAWATA. Mkondo mkuu wa siasa ulikuwa ukisisitiza kazi kama kipimo cha uraia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba katika nchi ya ujamaa kila anayeweza kufanya kazi hufanya kazi, na kwamba wanaostahili kuishi kwa jasho la wenzao ni watoto wadogo, wazee, walemavu na wale ambao taifa halijaweza kuwapatia kazi. Kifungu hicho kilikuwa cha huruma, na kwa wakati wake kilikuwa cha ukarimu kuliko misimamo ya serikali nyingi duniani, lakini kiliwaweka watu wenye ulemavu katika kundi la wanaolishwa. Katika nchi ambayo heshima ya mtu ilitokana na jembe lake au mashine yake, kusamehewa kazi kulikuwa namna ya upole ya kuachwa nje.

Waliofanikiwa kuingia maofisini katika miaka hiyo waliingia kwa milango michache. Mmoja ulikuwa ualimu, na mwingine, kwa wasioona, ulikuwa swichibodi, yaani meza ya kuunganishia simu katika wizara, benki na mashirika. Mwendesha swichibodi hakuhitaji macho, kwani alihitaji sikio makini, kumbukumbu ya namba za ndani za ofisi nzima, na mashine ya kuandikia maandishi ya nukta nundu kwa ajili ya ujumbe. Wengi waliifanya kazi hiyo kwa ustadi uliowafanya wafahamike kwa sauti zao kwa kila aliyepiga simu ofisini. Tatizo lilikuwa kwamba mlango huo ulikuwa na chumba kimoja tu ndani yake. Aliyeanza swichibodi alistaafia swichibodi, bila kupandishwa kuwa afisa utumishi au mkuu wa masjala, na simu zilipoanza kujiunganisha zenyewe, kisha simu za mkononi zilipoenea, meza ile iliondolewa na mtu wake hakupangiwa nyingine. Upande wa mafunzo, serikali ilijenga vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kikiwamo cha Yombo Dar es Salaam, ambako vijana walifundishwa useremala, ushonaji na ufundi mwingine wa mikono. Vyuo hivyo vilimwandaa mhitimu kujiajiri kuliko kuajiriwa, jambo ambalo lilimwacha mwajiri bila deni.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge la Tanzania likapitisha sheria mbili kwa pamoja: Sheria Na. 2 ya 1982 kuhusu ajira, na Sheria Na. 3 ya 1982 kuhusu matunzo. Ile ya kwanza ilimtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 2 yao ni watu wenye ulemavu. Hesabu yake ilikuwa safi, kwa sababu asilimia 2 ya watu 50 ni mtu mmoja kamili. Ilikuwa pia hesabu iliyofaa uchumi wa wakati ule, ambao waajiri wake wakubwa walikuwa mashirika ya umma, viwanda vya nguo, mamlaka za mazao, reli na bandari, vyote vikiwa chini ya amri ya serikali iliyotunga sheria hiyo. Mwaka 1983 ikaja sheria ya kugawa nguvukazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo kuwa na kazi halali na kuruhusu wasio na kazi mijini kukusanywa na kupelekwa mashambani. Sheria hiyo na ile ya ajira ya 1982 zikisomwa pamoja zinaonyesha dola iliyoamini kwamba watu na kazi vinaweza kupangwa kwa orodha.

Orodha hiyo haikuishi muda mrefu. Uchumi ulikuwa tayari umedhoofika, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 masharti ya mageuzi yalianza kuyabana mashirika ya umma, hadi ilipoundwa tume ya kuyarekebisha na kuyabinafsisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wafanyakazi walipunguzwa kwa maelfu, na mgawo wa asilimia 2 ukapoteza waajiri ambao serikali ingeweza kuwaamuru. Waajiri wapya walikuwa kampuni binafsi, nyingi zikiwa na watu chini ya 50, na maduka, migahawa na vibanda ambavyo sheria ya 1982 haikuwahi kuvifikiria. Sheria ilibaki vitabuni, bila kufutwa na bila kutekelezwa, ambayo ndiyo hali mbaya zaidi kwa sheria yoyote, kwa sababu iliwawezesha viongozi kusema kwamba tatizo limekwisha kushughulikiwa.

Katiba ya mwaka 1977 nayo ilitoa msaada kwa mkono mmoja. Ibara ya 11 inaitaka serikali kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, na haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya taifa, ambayo Katiba yenyewe inasema haiwezi kutekelezwa kwa amri ya mahakama. Ibara ya 13, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi mwaka 1984, inakataza ubaguzi na kutaja misingi yake, kama vile kabila, dini, rangi na maoni ya kisiasa, ila ulemavu haumo katika orodha hiyo. Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa sababu amepofuka alikuwa na Katiba inayomhurumia, lakini hakuwa na kifungu cha kusimamia.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ingawa ni nadra kutajwa watu wanapozungumzia haki za wenye ulemavu. Kifungu chake cha 7 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja, na kinautaja ulemavu. Ubaguzi usio wa moja kwa moja ni sharti linaloonekana kumhusu kila mtu kwa usawa huku likiwaondoa baadhi bila sababu ya kikazi; mfano wake ni tangazo la nafasi ya mhasibu linalodai leseni ya udereva, ilhali mhasibu huyo hatakabidhiwa gari. Kifungu hicho kinampa mwajiri utetezi mmoja wa maana, kwamba sharti lake linatokana na asili ya kazi yenyewe, na utetezi huo ni wa haki, kwani hakuna anayedai kwamba asiyeona aendeshe basi. Jambo lililo zito zaidi ni mzigo wa kuthibitisha, yaani wajibu wa kuleta ushahidi: mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za kubaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua au kwamba uamuzi wake ulikuwa na sababu nyingine. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa aliyeumia au kuugua, kutafakari kama kazi inaweza kurekebishwa au kama kuna kazi nyingine anayoiweza. Swali ambalo sheria ya fidia haikumuuliza mwenye shamba la mkonge likawa, baada ya takriban miaka 60, sehemu ya utaratibu wa kazi.

Dunia nayo ilikuwa ikielekea huko. Marekani ilikuwa imepitisha mwaka 1990 sheria kubwa ya kukataza ubaguzi huo, baada ya wanaharakati wenye ulemavu kukalia ofisi za serikali kuu mjini San Francisco mwaka 1977 kwa zaidi ya wiki tatu ili kanuni za sheria ya awali zitiwe saini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia Novemba 2009, ulikwenda mbali zaidi kwa kutamka kwamba kukataa kufanya marekebisho mwafaka ni ubaguzi. Marekebisho mwafaka ni mabadiliko yanayohitajika ili mtu fulani aweze kufanya kazi fulani, mradi hayamwelemei mwajiri kupita kiasi. Mengi ni madogo. Karani mwenye ualbino anaweza kuhitaji meza iliyo mbali na dirisha la jua, maandishi makubwa kwenye kompyuta na ruhusa ya kuvaa kofia anapotumwa nje. Fundi kiziwi anaweza kuhitaji taa inayomulika pale ambapo wenzake wanasikia king'ora. Kwa gharama hizo ni vigumu kuelewa kwa nini waajiri wengi bado wanaona ajira ya mtu mwenye ulemavu kama sadaka.

Zanzibar ilitunga sheria yake ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Bara ilifuata kwa Sheria Na. 9 ya 2010, ambayo ilifuta zile za 1982 na kuingiza mambo mengi mazuri, yakiwamo katazo la ubaguzi kazini. Katika ajira, hata hivyo, ilirudi kwenye hesabu: kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ndizo tarakimu za Uingereza za mwaka 1944, zikiwa zimetua Dodoma miaka 15 baada ya Waingereza wenyewe kuachana nazo. Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita za kumi za mtu, na mtu mmoja kamili hapatikani mpaka mwajiri afikishe wafanyakazi 34, isipokuwa hesabu ikadiriwe kwenda juu. Kenya nayo ilichagua asilimia 5 katika sheria yake ya mwaka 2003 na katika Katiba yake ya mwaka 2010. Mgawo si kitu kibaya, kwa kuwa bila kipimo hakuna wa kuulizwa, ila unamhesabu mtu siku anayoandikishwa na kumwacha hapo. Hauoni kama amepewa kazi inayolingana na elimu yake, kama amepandishwa cheo, au kama anaachwa nje ya kikao kwa sababu hakuna mkalimani wa lugha ya alama. Chumba cha swichibodi kingeweza kutimiza mgawo wa ofisi nzima.

Upungufu wa sheria ya 2004 ni wa namna nyingine, nao ni kwamba inamsubiri mlalamikaji. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anapaswa kujaza fomu na kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60, baada ya hapo akilazimika kwanza kuomba kuongezewa muda. Kwa mtu aliyepoteza uwezo wa kuona miezi miwili iliyopita, ambaye bado anajifunza kutembea na fimbo nyeupe na hawezi kusoma fomu hiyo, siku 30 ni chache. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama, na wafanyakazi wengi walipata nafuu, lakini kiziwi anayetumia lugha ya alama bado anategemea apatikane mtu wa kumtafsiria.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ya 2004 kina njia isiyomngoja mlalamikaji, ambayo imesahauliwa: kinamtaka mwajiri kuandaa mpango wa kukuza usawa na kuondoa ubaguzi mahali pake pa kazi, na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Mpango kama huo unaweza kueleza tangazo la kazi linaandikwaje, nani anaamua aliyeumia apangiwe wapi, na fedha za marekebisho zinatoka fungu gani. Vyama vya wafanyakazi na vya watu wenye ulemavu, ambavyo kwa miaka mingi vimedai asilimia, vingefanya vyema kuidai mipango hiyo kwa kila mwajiri, kuisoma, na kumuuliza Kamishna wa Kazi kuhusu kila ambao haujasajiliwa.